Mbao zina kiu: kuirudia mashua yangu Matema baada ya kipupwe

Jumatatu, 8 Septemba. Mafinga hadi Mbeya

Mama amenisindikiza stendi kukiwa bado na giza, blanketi mabegani juu ya khanga mbili. Nimekaa kwake tangu mwisho wa Mei. Tumevuna mahindi, tumepukuchua, tumechimba viazi, na mwezi wa saba tumeamka siku kadhaa tukakuta sakitu imelala juu ya majani kama chumvi. Amenifungia maharage debe zima. "Nenda salama, baba. Ukikifikia chombo chako, nipigie."

Kila mwaka ndugu zangu huuliza kwa nini mtu wa Mufindi, aliyezaliwa kwenye chai na misindano, anaishi ndani ya mashua. Jibu langu ni lile lile: ndiyo nyumba yangu. Tusajigwe ina urefu wa futi 26, mbao za mninga, mlingoti mmoja na kijumba nyuma chenye kitanda, rafu mbili na jiko. Jina ni la Kinyakyusa, maana yake tumebarikiwa. Aliyeniuzia aliniomba nisilibadilishe, na sikuwa na sababu ya kulibadilisha. Nabeba nayo vyungu, mchele na watu kati ya Matema, Ikombe na Lumbila, na jioni nalala humo humo.

Ila kipupwe hakikaliki. Kuanzia Mei hadi Agosti upepo wa Mwera unavuma kutoka kusini, na Ziwa Nyasa ni refu, zaidi ya kilomita 550 kutoka ncha hadi ncha. Wimbi linaloanza kule mbali lina nafasi yote ya kukua kabla halijatufikia sisi tuliokaa kwenye ncha ya kaskazini. Nimewahi kujaribu kuvumilia mwezi wa sita nikiwa nimetia nanga. Usiku wa tatu amari, kamba ya nanga, ilikatika. Tangu hapo naipandisha mashua nchi kavu, naifunika, narudi kwa mama.

Basi limepita Sao Hill jua likichomoza kati ya misindano, Makambako saa mbili na nusu, kisha tukashuka Igawa na uwanda wa Usangu ukafunguka upande wa kulia, mkavu, rangi ya ngozi ya simba. Chimala nimenunua mchele kidogo, ingawa naenda Kyela. Mtu wa nyumbani angenicheka, lakini tumbo lilikuwa linaomba wali wa mchana.

Nimelala Mwanjelwa. Usingizi haukuja mapema. Nilikuwa nawaza jambo moja: kijana niliyemlipa aimwagie mashua maji kila jioni hapokei simu tangu Julai.

Jumanne, 9 Septemba. Mbeya hadi Matema

Asubuhi yote sokoni. Fundi alinitumia orodha: pamba kilo mbili, mafuta ya nazi lita tano, misumari isiyoshika kutu ya inchi tatu, turubai jipya, kamba ya mita 40. Kilichonichukulia muda ni pamba. Duka la kwanza walinipa sufi, la pili sufi iliyochanganywa na pamba. Sufi inafaa kwa mto wa kulalia. Kwenye mshono wa mashua haina nyuzi za kusokotana, maji yakiipata inateleza na kutoka. Duka la nne nikavuta kidogo kwa vidole, nikaisokota, ikashika kama uzi. Hiyo ndiyo.

Saa saba nimepanda costa Uyole. Barabara hii naipenda kuliko zote nchini. Kwanza inapanda hadi Isyonje, baridi inaingia madirishani, wanawake wanauza viazi na karoti zilizooshwa zikang'aa. Halafu inaanza kushuka na haiachi kushuka. Kiwira ndizi na maparachichi. Tukuyu chai, mvua nyepesi kama kawaida yake, na Mlima Rungwe umejifunika wingu hadi kiunoni. Tukuyu nilivua koti. Baada ya hapo sweta. Tulipofika Kikusya nilikuwa na fulana tu, na jasho. Ziwa liko chini kidogo ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi nilikuwa Mbeya, mita 1,700. Mwili unaujua mteremko huo kabla akili haijauhesabu.

Kikusya nikabadili gari, tukafuata lami ya Ipinda katikati ya kakao, michikichi na mashamba ya mpunga yaliyokwisha kuvunwa. Milima ya Livingstone ikaanza kusogea, ikapanda, ikawa ukuta. Chini ya ukuta huo, maji.

Nilifika giza limeingia. Sikwenda kuiangalia mashua. Nilitaka kuiona mchana.

Jumatano, 10 Septemba. Matema

Nimeiona.

Kwanza maji. Mwezi wa tano, mvua zikiwa ndiyo kwanza zinakatika, ziwa hujaa, na nilipoipandisha mashua mkuku, ule mti wa chini kabisa unaobeba chombo, ulikuwa hatua kumi na mbili tu kutoka kwenye maji. Tangu hapo ziwa limekuwa likishuka, na litaendelea kushuka hadi mvua za Novemba au Desemba. Leo nimehesabu hatua thelathini na nane. Mchanga wa katikati ni mpya, haujawahi kukanyagwa na mtu isipokuwa kunguru.

Kisha turubai. Lilikuwa limepasuka upande wa kushoto, vipande vyake vinapepea. Nikapiga magoti nikaangalia mishono ya ubavu ule. Nilitoa sarafu ya shilingi mia nikaisimamisha kwenye mshono wa tatu kutoka mkuku. Ikaingia wima, ikaangukia ndani, nikaisikia ikigonga taruma, mti wa ndani unaoshika mbao za ubavu. Nilikaa chini kwenye mchanga. Kijana yule, nimeambiwa, aliondoka wiki ya pili baada yangu kwenda kutafuta kazi mjini, na pesa aliondoka nayo. Imeniuma. Bora angenipigia simu, ningetafuta mwingine.

Wasiozoea vyombo vya mbao hudhani jua ndilo linaloilinda mbao na maji ndiyo yanayoiharibu. Kwa mashua ni kinyume. Mbao za ubavu zimekatwa ili zikae majini. Zikilowa zinavimba, zinabanana, mshono unafumba. Ukizitoa na kuziacha juani zinajikunja kila moja kivyake, na pamba iliyokuwa katikati inabaki inaning'inia. Ndiyo maana chombo kikiwa nchi kavu hufunikwa na kumwagiwa maji kila siku.

Halafu nikazunguka upande wa kulia.

Upande wa kulia ulikuwa umefumba. Siyo wote, lakini kuanzia mkuku hadi mbao ya tano huwezi kupitisha hata ukucha. Mbao zilikuwa na weusi wa unyevu, na kwenye mchanga chini yake majani mabichi yameota. Vyungu kama thelathini vilikuwa vimepangwa kwenye kivuli hicho, vimeegemezwa kwenye ubavu wa Tusajigwe kama watoto kwa mama yao.

Mwenye vyungu akatokea na ndoo. Ni bibi wa Kikisi kutoka Ikombe, nimemvusha mara nyingi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Umerudi. Nilikuwa naazima kivuli chako."

"Bibi, nani amekuwa akiimwagia maji?"

"Mimi. Ulisema siku ile mbao zina kiu. Nikimaliza kunawa naimwagia. Ila upande mmoja. Ule mwingine kuna jua, na mgongo wangu huu haunifikishi."

Akainamisha ndoo, akamwaga taratibu kwenye mbao ya nne, kwa mkono uliokwisha kuzoea kazi ile. Maji yalishuka yakaacha alama nyeusi. Sikupata neno. Nikasema "ndaga fijo," asante sana ya Kinyakyusa, ingawa hiyo si lugha yake wala yangu. Akacheka.

Ndani ya kijumba: mchwa. Wamepanda kwenye gogo la kuegemezea, wakaingia kwa tundu la maji, wakala ubao wa chini wa kitanda na nusu ya rafu. Mninga hawakuugusa. Walichokula ni misindano niliyoibeba mwenyewe kutoka Mafinga miaka miwili iliyopita, kwa sababu ni nyepesi na nilipenda harufu yake ya nyumbani. Nimeubonyeza ubao kwa kidole, kidole kikazama kama kwenye andazi.

Alhamisi, 11 Septemba

Fundi amekuja saa moja na mfuko wake. Alijifunza kazi Bagamoyo, akaja huku kijana, akaoa Kyela na hakurudi tena pwani. Amezunguka mashua mara mbili bila kusema kitu, anagonga mbao kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Aliposimama mbele, kwenye hanamu, mti unaokata maji, akasema, "Haijafa."

Kazi ya leo ni kutoa pamba kuukuu. Ana kichuma kilichopindwa ncha kama mdomo wa ndege; anakivuta ndani ya mshono na pamba inatoka, nyeusi, imekauka, inavunjika kama tambi. Mimi nafuata nyuma kwa brashi nikitoa mchanga. Mshono mmoja, kutoka mbele hadi nyuma, saa moja na nusu. Ubavu wa kushoto una mishono tisa.

Ijumaa, 12 Septemba

Leo tumetia kalafati, na tumegombana.

Kazi yenyewe inaenda hivi. Unachukua pamba, unaisokota pajani hadi iwe kamba nene kama kidole kidogo, unaichovya kwenye mafuta ya nazi, unaikamua. Unailaza juu ya mshono na kuisukuma kwa patasi butu, ukigonga kwa nyundo ya mti. Sikio ndilo linalopima. Pamba ikiwa bado haijakaa, patasi inatoa sauti ya puu, kama kugonga gunia. Ikikaa, sauti inageuka, inakuwa kavu na ya juu. Fundi akisikia hivyo anasogea, hata kama anazungumza na mtu mwingine.

Mimi nilikuwa naijaza. Mshono unaomeza sarafu nilitaka umeze pamba hadi ubane. Fundi akanishika mkono.

"Acha. Unaiua."

"Fundi, si kuna uwazi mkubwa?"

"Uwazi huu si wa kweli. Ni wa jua. Mbao itarudi. Ukiujaza leo, kesho kutwa mbao ikivimba itakosa pa kwenda. Itasukuma mwenzake, misumari itang'oka kwenye mataruma, na hapo ndipo utalia."

Nilibisha. Nilimwambia itavuja mno siku ya kushua, yaani kuishusha majini, huenda izame. Akajibu kwamba itavuja, ndiyo, na pengine itajaa hadi kwenye viti, na iachwe ijae. Nilinyamaza, lakini sikukubali moyoni hadi usiku, nilipokumbuka jinsi ubavu wa kulia ulivyojifumba wenyewe kwa ndoo moja ya bibi kila jioni, bila pamba mpya hata nyuzi moja. Asubuhi nitamwomba radhi.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimemwomba. Kasema, "Tushayamaliza." Leo ni siku ya soko la vyungu Lyulilo, mitumbwi imekuja tangu alfajiri imesheheni hadi maji yanagusa ukingo. Hatukufanya kazi. Nimemsaidia bibi kubeba vyake, nikanunua kimoja cha maji cha kuweka kijumbani.

Jioni nimefumua kitanda chote na kuchoma ubao wenye mchwa. Fundi ameniletea vipande vya mninga vilivyobaki kwenye mtumbwi wa mtu. Ni vizito, havinukii nyumbani. Vitakaa.

Jumapili, 14 Septemba. Kushua

Baada ya ibada watu wameshuka ufukweni na nguo zao nzuri, wakazikunja. Nilikuwa nimekata vigogo vya migomba jana yake. Mgomba ukichunwa ganda la nje unateleza kama sabuni, na hauumizi mkuku. Unavipanga mbele ya chombo, kinapanda juu yake, cha nyuma kinachukuliwa mbio na kupelekwa mbele tena.

Hatua thelathini na nane. Wanaume kumi na tisa na vijana ambao sikuwahesabu. Mmoja anaita, wengine wanajibu kwa kusukuma. Katikati ya njia tulikwama, mkuku ukazama kwenye mchanga laini, na kwa muda wa nusu saa niliamini tutalala pale. Fundi akaagiza mchanga umwagiwe maji. Ukakaza. Tukaenda.

Mashua ilipoingia majini ilifanya kile inachofanya kila mwaka: ikatikisika kidogo, kama mtu aliyeketi muda mrefu na kusimama ghafla. Kisha maji yakaanza kuingia. Ubavu wa kushoto yalikuwa yanatiririka kwa mistari tisa, niliiona yote. Saa ya kwanza nimefua maji, nikayatoa nje ndoo sitini na mbili. Kisha fundi akanitoa. "Iache inywe."

Ikajaa hadi kwenye viti, ikakaa juu ya mchanga kwenye maji ya kimo cha kifua, kamba mbili zimefungwa ufukweni. Wali na mbasa wa kukaanga kwa wote waliosukuma. Nimelala ufukweni chini ya turubai jipya.

Usiku nilimkumbuka Hermann von Wissmann. Ile meli ya Wajerumani ya ziwa hili, mwezi wa Agosti 1914, ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo kule Liuli, wakati huo wakiiita Sphinxhafen. Waingereza wakaja na meli yao Gwendolen wakaipiga mizinga. Nahodha wake, Berndt, alipiga makasia kumfuata Rhoades, nahodha wa Gwendolen, kumuuliza kama amelewa, maana walikuwa marafiki na habari ya vita haikuwa imemfikia. Huwa nakifikiria chombo kile, kimesimama juu ya magogo, hakiwezi hata kugeuza hanamu. Majini labda kingekimbia.

Jumatatu, 15 Septemba

Hakuna la kufanya ila kusubiri. Nimepaka rangi paa la kijumba, sehemu iliyo juu ya maji. Jioni bibi amekuja na ndoo yake kwa mazoea, akasimama, akaiona mashua imekaa majini, akainywea mwenyewe.

Jumanne, 16 Septemba

Asubuhi tumeitoa maji yote. Fundi, mimi na vijana wawili, saa mbili na dakika kumi. Ikainuka. Nikakaa ndani ya ngama, pale chini maji yanapokusanyika, na saa mkononi.

Saa ya kwanza: ndoo kumi na nane. Ya pili: kumi na tano. Saa kumi jioni: saba. Mshono wa tatu, ule uliomeza sarafu, bado unatoa jasho lakini hautiririki. Nimepitisha kidole juu yake kwa ndani. Mbao zimekutana. Pamba imetuna kidogo katikati, imebanwa sawasawa, wala haikufurika. Fundi hakunikumbusha kitu. Aliangalia, akafunga mfuko wake.

Sarafu nimeikuta kwenye matope ya ngama. Nimeiacha humo.

Jumatano, 17 Septemba. Ikombe

Jana usiku nimelala ndani, mara ya kwanza tangu Mei. Niliamka mara tatu kufua. Saa tano usiku ndoo mbili, saa nane ndoo moja na nusu, alfajiri ndoo moja. Kitanda cha mninga ni kigumu. Harufu ndani ni ya mafuta ya nazi na mbao mbichi, na chungu kipya kinachotoa harufu ya udongo kila nikinywa.

Tumesimamisha mlingoti saa moja. Tanga lilikuwa limehifadhiwa kwa fundi, halikupata panya. Bibi alitaka kurudi kwao. Huko watu huenda kwa mtumbwi au kwa njia ya miguu kando ya mlima, na mgongo wake ndio huo. Akakaa kwenye kiti cha kulia, upande wake, mkono ameuweka juu ya ubao.

Upepo wa asubuhi unashuka kutoka milimani, hauna nguvu, lakini unatosha. Nilitweka tanga, likapiga mara mbili, likajaa. Ufukwe ukaanza kurudi nyuma. Mlima pale unaingia majini moja kwa moja, na ziwa linashuka kwa kina haraka mno. Mbele zaidi kusini lina mita kama 700. Maji yakabadilika kutoka kijani kuwa bluu nzito chini ya mkuku.

"Inavuja?" bibi akauliza.

Niliinua ubao wa sakafu nikaangalia. Kwenye ngama kulikuwa na maji ya kata mbili.

"Kidogo, bibi."

"Basi imekunywa," akasema, akajitanda khanga vizuri maana upepo ulikuwa unaongezeka. Nikalegeza demani, kamba ya tanga.

Nimempigia mama kutoka Ikombe, nikalazimika kupanda juu ya jiwe kupata mtandao.